Kapime Mwenyewe

Daraja la kwanza maishani mwangu nililijenga kwa viberiti, barazani kwa babu, Walukuba, mjini Jinja, Uganda. Ilikuwa 1984, nami nina miaka 10. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na siku za namna hiyo babu alikuwa hatulii. Alizunguka nyumbani kama mtu mwenye mgonjwa ndani. Basi akaingia jikoni akatoka na kopo ambalo Jajja, yaani bibi yangu, alitunzia maganda matupu ya viberiti. Akaongeza viberiti vichache vilivyojaa njiti, akavunja vijiti vya ufagio, kisha akaweka matofali mawili sakafuni na kuyaachanisha kiasi cha mkono mmoja.

"Katikati ni mto," akaniambia. "Ng'ambo yuko adui, kwa hiyo huna wa kukupokelea. Huna winchi. Huna mtumbwi. Vusha daraja."

Nikaunganisha ganda kwa ganda kwa vijiti, nikasukuma. La tatu likainama, yote yakatumbukia. Nikaanza upya, yakatumbukia tena. Jua lilihama barazani likaenda kwenye mwembe, na babu amekaa tu kwenye kiti chake, hasemi neno. Mwishowe akauliza, "Uzito umeuweka wapi?"

"Mbele."

"Na huko mbele kuna nini cha kuubeba?"

Hapakuwa na kitu. Nikachukua viberiti vilivyojaa nikavirudisha nyuma kabisa, mbele nikaacha maganda matupu, nikasukuma polepole kwa kiganja. Daraja likatoka hewani, likatetemeka, likagusa tofali la pili. Babu akasimama, akanipa mkono kama anavyopewa mtu mzima.

Baadaye nilikuja kujua kwamba ule haukuwa mchezo aliobuni siku hiyo. Ndivyo linavyojengwa daraja la Bailey, ambalo mhandisi wa Uingereza, Donald Bailey, alilibuni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ni fremu za chuma, kila moja urefu wa futi 10 na kimo cha futi 5, uzito wa kilo 260 hivi, mzigo wa watu 6 wenye mabega. Fremu huungwa kwa fremu nyingine kwa pini nene za chuma. Mafundi hukaa upande wao wa mto tu. Mbele hutanguliza pua nyepesi isiyo na sakafu, nyuma hulundika uzito, halafu huliserereshea lote juu ya rola mpaka pua iguse ng'ambo. Mizani ikikosewa, kazi ya siku nzima inaingia majini pamoja na walioishika. Babu alijifunza hesabu hiyo Burma, akiwa na miaka 22, na mvua haijakatika kwa wiki kadhaa.

Alifariki Agosti 2007. Mazishini wasemaji walimgawana. Mmoja alimsifu kwa uaskari, mwingine kwa uhandisi, wa tatu akataja nchi alizofika. Wajukuu hawakupewa nafasi ya kusema, na hiyo ndiyo desturi, sina neno. Lakini kila mwaka ifikapo Agosti maneno yangu hunirudia, kwa kuwa wale wazee watatu walimsema kana kwamba alikuwa watu watatu. Mimi nilimjua mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na neno moja alilolirudia kwa watoto, kwa vibarua na kwa wakubwa wake: "Usiambiwe. Kapime mwenyewe."

Alizaliwa jirani ya Arua, West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, yapata 1922. Nasema yapata kwa sababu mwaka huo aliandikiwa na karani wa jeshi, aliyemtazama mabega na meno akajaza fomu. Aliandikishwa 1942. Watu waliliita jeshi lile Keya, yaani King's African Rifles, na kijana yeyote mwenye kimo alikuwa akichukuliwa, bunduki zikimngoja. Yeye misheni ilikuwa imemfundisha useremala. Alijua kusoma rula, na rula hiyo ndiyo iliyomtoa kwenye mstari wa bunduki ikampeleka kwa mafundi wa jeshi.

Kiswahili alikikuta kambini. Kwao alisema Kilugbara, na misheni ilikuwa imempa Kiingereza cha kuhesabia tu. Sasa akajikuta amelala katikati ya Mkamba na Mnyasa, koplo wake Mnyamwezi, mpishi Mwacholi. Aliniambia kwamba maneno ya kwanza aliyoyashika yalikuwa ya mikono: shika, inua, pole pole, weka, subiri, pamoja. Watu 6 wakibeba chuma cha kilo 260 na mmoja asielewe "subiri," mtu anakatika vidole. Babu alikipenda Kiswahili kuanzia hapo, kama lugha iliyomlindia vidole vyake.

Mwaka 1943 walisafirishwa kwa meli kutoka Mombasa hadi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, wakawa sehemu ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyovaa kichwa cha kifaru begani. Huko walifanya mazoezi ya vita vya msituni. Na huko ndiko habari ya meli Khedive Ismail ilikomkuta. Meli hiyo iliondoka Mombasa Februari 1944 ikielekea Colombo, na tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Japani ikaipiga. Ilizama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Miongoni mwao alikuwemo kijana wa kijiji cha babu, waliyekuwa wakikamata kumbikumbi pamoja utotoni. Babu alikuwa ameshamwekea sabuni na sigara za mgawo wake, anamngoja afike.

Hayo ndiyo yote aliyotusimulia kuhusu meli ile, na aliyasimulia mara moja. Ila sisi wajukuu tuna ushahidi mwingine. Hakuna kati yetu aliyefikisha miaka 8 bila kufundishwa kuogelea, mvulana au msichana, apende asipende. Na vita vilipokwisha, kwenye meli ya kurudi nyumbani, babu hakuteremka kulala chini hata usiku mmoja. Alilala sitahani, amefunga mkanda kwenye kamba.

Burma yenyewe aliitamka "Bama," na aliisimulia kwa vipimo. Kuanzia Agosti 1944 divisheni yao iliwafuata Wajapani kwenye Bonde la Kabaw, katikati ya mvua za msimu. Wanajeshi waliliita bonde lile bonde la mauti, kwa ajili ya malaria na homa za wadudu kuliko hata kwa ajili ya risasi. Barabara ziligeuka uji. Mafundi walikata miti wakalaza magogo, gari likipita magogo yanazama, wanalaza mengine juu yake. Hakutuambia aliua nani au nani alikufa mikononi mwake. Alituambia gogo la mti fulani hudumu siku ngapi chini ya lori la tani 3.

Mwanzoni mwa Desemba divisheni iliuteka mji wa Kalewa, kando ya mto Chindwin, na katika siku chache jeshi likatandaza pale daraja la Bailey linaloelea, la futi 1,154. Wakubwa waliwaambia askari kwamba duniani kote hakuna Bailey refu kuliko hilo. Babu hakulijenga yeye, walilijenga wengine, na alikuwa mwangalifu sana kulisema hilo kila mara, maana alichukia mtu kujivika kazi ya mwenzake. Alichofanya ni kulivuka kwa miguu akihesabu. Hatua yake ilikuwa futi mbili na nusu, alikuwa ameipima. Alipata hatua 462. Akazidisha kwenye kiganja kwa penseli ya useremala, akakuta futi 1,155.

"Kwa hiyo walisema kweli," alikuwa akimalizia hivyo, na hapo uso wake ulichangamka kama wa kijana. Miaka 40 baadaye bado alifurahi kwamba walisema kweli.

Alirudi 1946 na nishani, koti zito la kijeshi, na Kiswahili. Arua hakukaa sana. Serikali ilikuwa inajiandaa kuziba mto Nile pale Jinja kwenye maporomoko ya Owen, na 1949 kazi ilipoanza alishuka akaomba. Hapo alimkuta Jajja, binti wa Kisoga aliyekuwa akiwauzia vibarua chakula. Yeye hakujua Kilugbara, babu hakujua Lusoga, wakaoana kwa Kiswahili. Nyumba yetu ikawa ya Kiswahili tangu siku hiyo, na tulipohamia Walukuba, kwenye zile nyumba za wafanyakazi ambako mlango mmoja ni Mluo, wa pili Mteso, wa tatu Mnyarwanda, haikuwa ajabu hata kidogo. Walukuba yote ilipigana, ikachumbiana na kuzikana kwa Kiswahili.

Bwawa lina urefu wa mita 831. Malkia Elizabeth II alilifungua tarehe 29 Aprili 1954, na baada ya muda mashine 10 zilikuwa zinazunguka, megawati 150 kwa jumla. Umeme wa Jinja ukafika mpaka Nairobi. Siku ya Malkia babu alikuwa chini, kwenye ukumbi wa mashine, hakumwona hata kofia. Aliusikia umati juu ya zege, "kama mvua kwenye bati," alisema, huku mkono wake uko juu ya kifuniko cha mashine akisikiliza mtetemo.

Alianza na zege, akahamia kwenye mitambo. Alisoma kwa posta usiku, akafanya mitihani ya ufundi ya City and Guilds, akapelekwa Manchester mwaka mmoja kujifunza mitambo ya umeme. Kuhusu Uingereza alikuwa na machache: makaa, baridi, na mwenye nyumba wake, mama mjane aliyepoteza mtoto wa kiume Burma, ambaye alipojua babu alikuwa huko alianza kumwekea yai la pili kila Jumapili. Baadaye, kwa ajili ya kazi, alifika Ghana, Zambia, Italia na India. Jina la Injinia Walukuba ilimpa mapema. Ofisi fulani ilikawia miaka mingi kumwandikia cheo hicho kwenye karatasi, huku kazi yenyewe anaifanya, na hilo lilimuuma mpaka uzeeni. Mimi pia linaniuma, sioni sababu ya kulificha.

Sasa niseme habari ya maji, kwa sababu hapo ndipo alipokuwa yeye hasa.

Kuanzia mwishoni mwa 1961 mvua zilinyesha Afrika Mashariki kwa namna ambayo wazee wa ziwani hawakuwahi kuiona, na Ziwa Viktoria likaanza kupanda. Lilipanda zaidi ya mita 2 katika miaka isiyozidi 3. Mashamba ya pembeni yakamezwa, magati yakazama. Geji ya Jinja, kipimo cha kimo cha ziwa, ilifika mita 13.41 mwaka 1964. Kila Jumapili baada ya kanisa babu alishuka Masese, ufukweni mwa ziwa, kwa baiskeli kutazama. Kwenye nguzo ya zege ya gati moja dogo la wavuvi, siku maji yaliposimama, alichonga mstari kwa patasi, mrefu kama kidole cha kati, na chini yake akachonga 1964. Wavuvi walidhani ni mpaka wa shamba la mtu.

Mtu wa Jinja asiyefanya kazi bwawani anaweza kudhani maji yanafunguliwa tu kama bomba. Sivyo. Lilipojengwa bwawa ilikubaliwa kwamba maji yatakayoachiwa yafuate kimo cha ziwa, yawe kiasi kile kile ambacho mto ungetoa wenyewe kama maporomoko ya Ripon, pale mto ulipotokea ziwani, yangekuwepo bado. Ziwa likiwa juu, achia zaidi, likishuka, punguza. Misri ilichangia gharama za bwawa, na mpaka leo ina wahandisi wake Jinja wanaoangalia maji yanavyotoka. Mmoja wao alikuwa rafiki mkubwa wa babu. Walikunywa chai nyeusi barazani wakibishana juu ya tarakimu za wiki, Mmisri kwa Kiswahili cha kuokoteza, babu kwa Kiarabu cha askari, na walipokwama waliandika namba kwenye karatasi wakasukumiana.

Mmisri huyo ndiye aliyemwalika Aswan mwaka 1988. Babu alikuwa na miaka 66, mstaafu. Alisimama juu ya lile bwawa kuu la mita 111, lenye mashine 12, jumla megawati 2,100, na alichotaka kujua ni kitu kimoja tu: maji ya Jinja yanafika pale yamebaki kiasi gani. Pale Jinja kuna kibao kinachosema maji huchukua miezi 3 kufika Bahari ya Kati. Kibao hakisemi kwamba kwenye vinamasi vya Sudd, ambako leo ni Sudani Kusini, karibu nusu ya maji hayo hupotea kwa jua. Alijua hesabu hiyo tangu zamani, alikuwa ameisoma, lakini kuijua na kusimama mbele yake ni mambo mawili. Alirudi kimya. Usiku wa pili akamwambia Jajja, "Nusu yake haifiki, mama. Nusu nzima."

Nimeruka 1979, na niliruka kwa makusudi, kwa sababu sikuwa na akili za kuyaona. Nilikuwa na miaka 5. Aliyeyaona ni shangazi yangu, na nayaandika kama alivyonipa.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Jinja tukangoja siku 11. Wanajeshi wa Amin walikuwa wanakimbilia mashariki na kaskazini wakipita mjini, na uvumi ulikuwa mmoja: watalilipua bwawa. Babu aliondoka nyumbani na mkate na chupa ya chai, akaingia zamu ya usiku, hakurudi asubuhi. Wa zamu iliyofuata hakutokea, wala wa zamu ya tatu. Alikaa na mashine usiku na mchana, yeye na wenzake wawili. Tarehe 22 jeshi la Tanzania likafika, likalikuta bwawa zima.

Sasa babu alikuwa mtu wa West Nile. Amin naye alikuwa mtu wa West Nile. Wakati ule hilo pekee lilitosha kumuua mtu. Na kweli, pale bwawani, mtu aliyemjua vizuri akamnyooshea kidole mbele ya askari: huyu ni wa Amin.

Ofisa akamuuliza, "Mzee, wewe mwanajeshi?"

"Nilikuwa," babu akajibu. "Keya. Mafundi. Bama, 1944."

"Na sasa?"

"Sasa ni wa mashine hizi. Na saa imefika, afande. Naomba ruhusa nikasome geji."

Kila saa ilibidi joto la beringi lisomwe na kuandikwa kitabuni. Vijana wawili wenye bunduki walimfuata mashine kwa mashine, naye anasoma, anaandika, anasoma, anaandika, mkono hautikisiki. Walipofika ya mwisho kijana mmoja akamwambia, "Mzee, Kiswahili chako kama cha babu yangu wa Songea. Naye alikuwa Keya." Kisha akasema, "Shikamoo."

Babu hakuizoea salamu hiyo, Keya yao ilisema jambo. Lakini alijua kinachojibiwa. "Marahaba," akasema, na shangazi anasema aliporudi nyumbani siku ya tatu alikaa kitandani amevaa viatu, akalirudia neno hilo mara mbili peke yake: marahaba, marahaba.

Ndugu zake wa Arua hawakupata bahati hiyo. Wengi walikimbilia Zaire na Sudani wakaishi kambini miaka mingi. Na sisi tulikua katika nchi ambayo Kiswahili kilichukiwa kwa haki kabisa na watu wengi, kwa kuwa walikisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu aliyewashikia bunduki mlangoni. Shuleni mwalimu mmoja alinichapa kwa kukisema uwanjani, akakiita lugha ya wezi. Nilirudi nyumbani nikilia. Babu hakumlaumu mwalimu. Aliuliza wezi wa mwalimu yule walimchukulia nini, nami sikujua, akasema, "Basi usimchukie mpaka ujue." Halafu akanipeleka uani tukafungua pampu ya maji, na kila kipande alikitaja: nati, washa, valvu, mpini, gololi, nishike huku, legeza, kaza, usikaze sana. Mimi Kiswahili nilikipokea hivyo, kikiwa na grisi. Nilipoisikia mwaka 2022 habari kwamba baraza la mawaziri limekubali kifundishwe kwa lazima shuleni, nilitamani awepo, japo najua angeuliza walimu ni wangapi na vitabu ni vingapi.

Mwaka 2006 ziwa lilishuka kuliko lilivyowahi kushuka kwa miaka 80 hivi. Giza lilikuwa siku baada ya siku. Wengine walisema ni ukame, wengine wakasema ni maji yaliyoachiwa kupita makubaliano. Babu alisema ni yote mawili, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akipandisha sauti. Alikuwa na miaka 84, miguu imevimba. Alinitaka nimpeleke Masese kwa bodaboda, nikakataa, akaniangalia tu, nikampeleka. Nguzo ilikuwa imesimama juu ya matope makavu, ile alama iko juu ya vichwa vya watoto waliokuwa wakicheza chini yake. Alitoa futi yake ya chuma, akaniomba nipime kutoka kwenye alama mpaka chini, kisha nikatishe kamba mpaka ukingoni mwa maji. Alisoma namba zote, akaandika, akafunga daftari. Njiani hakuongea.

Mwaka uliofuata tulimrudisha kwao. Kutoka Jinja hadi Arua barabara inauvuka Nile mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa juu ya bwawa lenyewe, maana daraja jipya lilikuwa halijajengwa. Juu ya bwawa hairuhusiwi kusimama, na hatukusimama, ila dereva alipunguza mwendo mpaka gari likawa linatembea kama mtu, na askari wa lindo aliyekuwa pale, bila kuambiwa na yeyote, alivua kofia. Mara ya pili ni Karuma, maji meupe yanapiga kelele chini. Mara ya tatu ni Pakwach, alfajiri, mto mpana na mtulivu, wavuvi wamesimama kwenye mitumbwi. Baba alikuwa amekaa karibu na jeneza. Tulipoingia darajani nilimwona midomo inacheza, nikadhani anasali. Alikuwa anahesabu nguzo.

Mei 2020 nchi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, magari hayatembei. Redioni wakasema ziwa limefika mita 13.42, limeivunja rekodi ya 1964 kwa sentimita moja. Sikulala vizuri usiku ule. Alfajiri kabla upepo haujaamka nikachukua baiskeli na ile futi ya chuma, nikashuka Masese. Vibanda vya kwanza vilikuwa vimezama mpaka madirishani. Meza za kuanikia mukene, wale dagaa wa ziwani, zilikuwa zinaelea. Mama mmoja alikuwa amebeba godoro kichwani, akaniuliza mimi ni wa serikali, nikamwambia hapana, nimekuja kuona alama ya babu yangu.

Niliingia majini mpaka kifuani. Alama sikuiona, niliipapasa. Vidole vikakuta mstari, kisha chini yake moja, tisa, sita, nne. Nilisimamisha futi juu ya mstari nikangoja vijiwimbi vitulie, nikasoma mara 10 kama alivyotufundisha, nikazitaja namba kwa sauti ili nisizisahau. Nilipotoka nikaandika zote nikatafuta wastani. Sentimita 1 na milimita 3.

Nikampigia shangazi simu, maji yananidondoka mwilini bado. Nikamwambia, "Shangazi, imefunikwa. Alama ya babu imefunikwa."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Umepima, au umeona tu?"